Majirani wa Baba

Jumamosi iliyopita, katika soko refu la Walthamstow, baina ya meza ya vitambaa na meza ya simu kuukuu, nilimkuta mtu anauza sabuni ya mche. Mche mzima, wa buluu yenye mabaka meupe, umeviringishwa kwenye nailoni. Niliuchukua nikaunusa palepale, na muuzaji akanitazama kwa wasiwasi kama vile nataka kuuma kipande. Sikumlaumu. Harufu ile haikunipeleka kwenye beseni la nguo, wala kwenye ua wa nyumba yoyote ya Morogoro. Ilinipeleka makaburini, nikiwa na ndoo mkononi na soksi zimelowa.

Wenzangu mliozaliwa huku miaka ileile niliyozaliwa mimi mtanielewa. Kila mmoja wetu alikuwa na bibi aliyekuja kutembea na begi lililojaa vitu ambavyo London haikuviomba: dagaa, mlenda mkavu, dawa za tumbo, na kanga za kugawa kwa watu ambao hakuwajua bado. Wangu alikuja na miche ya sabuni, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba huku nguo hufuliwa na mashine, naye hakuamini kwamba mashine inaweza kujua kola imechafuka upande gani. Aliitwa Bibi Anastazia, mama mzazi wa baba yangu, Mluguru wa Mgeta, mwanamke mfupi, mweusi tii, mwenye shingo ya mtu aliyezoea kukataa. Ila yeye hakuja kutembea. Alikuja kumchukua mwanawe.

Baba alikuwa ardhini tangu majira ya baridi. Alikuwa akifanya kazi katika ghala moja kule Edmonton, tulikokuwa tukiishi, na asubuhi moja alivaa viatu vyake vya kazi, akajilaza kitandani kupumzika kidogo, asiinuke tena. Moyo, walisema. Bibi aliomba viza aje amzike, viza ikakawia, na Mama hakuweza kuendelea kumwacha mumewe kwenye jokofu la watu. Angeweza kumsafirisha, ndugu wa Dar walikuwa tayari kuchanga. Mama akakataa. Alitaka mimi niwe na mahali pa kumkuta baba yangu. Basi Baba akazikwa katika makaburi makubwa ya Wakatoliki ng'ambo ya pili ya jiji, treni na basi kutoka kwetu. Viza ya Bibi ilipotoka, majani ya miti yalikuwa yameanza kupukutika.

Sasa wakawa wanawake wawili katika nyumba moja ndogo. Mama yangu ni Mnyamwezi wa Tabora, na kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee majumbani mwao, kuwaogesha, kuwalisha, kuwasikiliza. Akirudi nyumbani anamkuta mzee wa kwake ambaye hataki kuogeshwa, hataki kulishwa, na wala hataki kusema naye. Walizungumza kupitia kwangu, wote wakiwa mezani.

"Mwambie mama yako chai imepoa."

"Mwambie bibi yako naipasha."

Nilikuwa napeleka maneno yale kutoka kiti kimoja hadi kingine kama tarishi. Kilichonitesa ni kwamba Kiswahili nilikisikia chote, lakini kinywa changu kilijua kujibu kwa Kiingereza tu, kama cha nyinyi wengi. Bibi alikunja uso kila nilipofungua mdomo. "Huyu mtoto anatafuna nini?" aliuliza. Ikabidi nijifunze kukitema Kiswahili neno kwa neno, nikiwa nimekaa kati ya watu wawili waliokasirikiana kwa sababu walimpenda mtu mmoja.

Jumapili moja tukiwa tunakula, Bibi alisahau kunitumia. Alimtazama Mama moja kwa moja.

"Mlimzika na mtani?"

"Hakukuwa na mtani, Mama."

"Hata mmoja?"

"Walikuja wenzake wa kazini. Walikuja watu wa parokia. Walikuwa na heshima sana."

"Heshima!" Bibi alisukuma sahani. "Nimekuja kumchukua Kalisti wangu. Hamkumzika. Mlimficha."

Kwa wale mliokulia huku bila mtu wa kuwaeleza: kwetu msiba una watani. Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Akifa Mluguru, Mnyamwezi anaingia msibani bila adabu. Anamtukana marehemu kwa jina, anaiga mwendo wake, anawanyang'anya wafiwa vitu vyao, wengine hata hushuka kaburini na kukataa kutoka, mpaka wafiwa wanacheka katikati ya kilio na kuona kwamba kumbe wataishi. Mazishi ya Baba yalikuwa watu wachache wenye makoti meusi, kila mmoja akisema pole kwa sauti ya chini utadhani Baba ana usingizi mwepesi. Mama peke yake ndiye aliyekuwa Mnyamwezi pale, naye alikuwa mjane. Mjane hatanii.

Mama aliweka kijiko chini. Akaeleza kwamba kumfukua mtu nchi hii si jambo la jembe na vijana. Kuna ruhusa ya serikali, kuna ruhusa ya Kanisa.

"Ruhusa huombwa," alisema Bibi.

"Basi wewe ndiye uliyemzaa. Ukiamua, mimi sitasimama njiani."

Wakakubaliana kwamba Bibi angengoja Novemba, ile Jumapili ambayo padri hupita makaburini kubariki, na hapohapo angempa padri neno lake ili aanze kushughulikia. Mimi ndiye ningekuwa mkalimani. Nilikwenda chumbani nikakaa sakafuni, nikamwona Baba akizunguka kwenye ule mkanda wa mizigo wa kiwanja cha ndege, na watu wakimtazama kama ni wao. Niliogopa sana. Makaburini nilikuwa na uhakika wa kumkuta. Mgeta nilikuwa nimefika mara moja tu, nikiwa mgongoni.

Jumamosi iliyofuata Mama alikuwa shifti, kwa hiyo mimi na Bibi tulikwenda wenyewe. Langoni palikuwa na ubao wenye ramani na namba nyekundu, na juu yake maandishi kwamba humu wamelala watu mashuhuri. Bibi akataka nimsomee. Nikamsomea nilivyoweza: jenerali, mwimbaji, mchoraji, askofu mkubwa, mtu wa jukwaani. Alisikiliza akitikisa kichwa, kama mtu anayesomewa wageni waliokaa meza ya mbele harusini.

"Na Kalisti ni namba ngapi?"

Nikatafuta. Nilitafuta kwelikweli, kidole kwenye kioo, hadi pembe ya mwisho. "Hayupo, Bibi."

"Hm," alisema Bibi, akaendelea mbele.

Kipande cha ardhi cha Baba kilikuwa kimechomekwa kando ya sehemu ya zamani, karibu na uzio, jirani kabisa na wale wakubwa wa kwenye ubao. Wao walikuwa na malaika wa mawe, nguzo, misalaba mirefu kuliko mlango. Yeye alikuwa na msalaba wa mbao wenye kibati cha jina, kwa kuwa jiwe halijawekwa, ardhi bado inatulia. Bibi hakulia. Aligeuka polepole akitazama pande zote, mashariki hadi magharibi, na mimi nikadhani anatafuta choo. Alikuwa anatafuta mlima. Huko Mgeta wafu hulala ubavuni mwa mlima wakitazama bonde na mashamba ya njegere.

"Tambarare," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ili asilie, nadhani, akaniambia nimsomee majirani. Hapo ndipo nilipojiaibisha kwa namna ambayo ni mtoto wa Kiswahili aliyelelewa kwa Kiingereza tu anayeweza. Lazima mjue kwamba tangu Baba afe mpaka Bibi alipofika, hakuna mtu nyumbani aliyemwita Kalisti, wala Baba Tekla, kwa jina langu. Wote waliopiga simu kutoka Tanzania walisema Marehemu. Marehemu alipenda tangawizi. Koti la Marehemu apewe nani? Na kwenye kalenda ya kanisa iliyotundikwa jikoni, iliyotoka Morogoro, niliona sikukuu ya Watakatifu Wote, na siku inayofuata, Marehemu Wote. Nikajumlisha. Kumbe marehemu ni cheo, kiko chini kidogo ya utakatifu. Baba hakuwa na cheo chochote ghalani, na sasa amepewa hiki kizito kiasi kwamba hata jina lake halitajwi tena bila hicho. Nilitembea na fahari hiyo kifuani miezi mingi. Na kwa Kiingereza, nikaamua, marehemu lazima awe ndiye Sir, kile cheo kinachoandikwa mbele ya majina ya wakubwa.

"Huyu ni Marehemu Jenerali," nikasoma kwenye jiwe la kwanza. Nikasogea kwa lililofuata, la mchoraji, halikuwa na Sir. "Huyu si marehemu."

Bibi alikuwa anafunga kanga yake. Akaacha. "Si marehemu?"

"Hapana."

"Na amelala humu?"

"Ndiyo."

"Na yule pale?"

Nilikimbia kuangalia. "Naye si marehemu, Bibi. Hapa marehemu ni wawili tu, Jenerali na Baba."

Bibi alinitazama, akautazama umati ule wa mawe hadi mwisho wa macho, akaanza kutetemeka mabega. Nilidhani kilio kimekuja. Kilikuwa kicheko, cha kwanza tangu afike London. Alicheka mpaka akaketi kwenye ukingo wa kaburi la Jenerali, akijipiga paja. "Wamewazika wazima! Ee Mungu wangu, Wazungu wamezika watu wazima wazima!" Kisha akanivuta, akanieleza maana ya neno.

Nikalia mimi sasa. Sikumlilia Baba kwa kufa, hilo nililijua. Nililia kwa sababu ameshushwa cheo.

"Marehemu ni mtu aliyefika kwenye rehema za Mungu," alisema Bibi akinifuta kamasi kwa kiganja. "Jenerali ni marehemu, baba yako ni marehemu, mimi nitakuwa marehemu. Huko tunakaa benchi moja." Sikufarijika hata kidogo. Nilitaka Baba awe na benchi lake. Leo Bibi naye yuko kwenye benchi hilo, amezikwa mlimani kwao, na bado nikisikia mtu anamwita marehemu moyo wangu husimama wima kidogo kama mbele ya mkubwa.

Tukawa tunakwenda kila Jumamosi. Bibi alibeba mche wa sabuni, kitambaa laini na chupa za maji, mimi ndoo. Msalaba wa mbao aliumaliza kuupangusa upesi, mikono yake ikabaki inatafuta kazi. Akamgeukia Jenerali, ambaye alikuwa amevaa ukoga wa kijani hadi kwenye nishani. Alisimama miguuni pake, akapiga makofi mawili taratibu.

"Hodi, jirani. Mimi ni mama yake Kalisti, yule mgeni wa pale kwenye uzio. Msimwone kimya mkadhani ana maringo. Ni mtu wa watu." Akainama akaanza kumwosha. Leo wataalamu wa mawe ya kale wangetufukuza na sabuni yetu, na pengine wangekuwa na haki. Sisi hatukujua. Ukoga ulitoka, herufi zikajitokeza, na mimi nikasoma.

"Kwao wapi?" Bibi aliuliza. Ndilo swali lake kwa kila mtu, awe hai au amekufa.

Jenerali alizaliwa Ayalandi. Mwimbaji, mwanamke aliyechongwa akiwa amefumba macho na kinywa kikiwa wazi kidogo, alizaliwa Italia, na jiwe lilisema sauti yake ilijaza kumbi za miji ambayo sikuweza kuitamka. Mchoraji alitoka Polandi akiwa kijana, akachora kuta za makanisa mpaka macho yakamwishia. Kulikuwa na sista aliyeuguza wagonjwa wa homa mpaka homa ikamchukua na yeye, alitoka Ufaransa. Niliposoma hivi sauti yangu ilikuwa inakua yenyewe. Nilikuwa nimekaa miongoni mwa watu walioweza kitu, na baba yangu alikuwa jirani yao wa uzio mmoja. Niliwapenda wote. Hata sasa nikipita London nikaona jumba la maonyesho lenye taa, humfikiria yule mama wa Kiitaliano mwenye sabuni masikioni.

Bibi naye aliwapenda, ila kwa namna yake. Baada ya kwao wapi, lilikuja swali la pili.

"Na mama yake?"

"Hawajaandika."

"Alikuja kumchukua?"

"Hawajaandika, Bibi. Lakini yuko hapa."

Kitambaa kikatiririsha maji kwenye kiatu chake. Tulipofika kwa sista, aliuliza tena, na kwa mchoraji, na jibu likawa lilelile. Nakumbuka alivyomwosha mwimbaji uso, polepole, nyuma ya masikio, kidevu, kama anavyooshwa mtoto anayepelekwa kanisani. "Mama yako alikusikia ukilia siku ya kwanza," alimwambia, "akasema huyu ana sauti. Halafu ukaja kulala huku." Tangu siku hiyo hakumruka hata mmoja katika mstari ule. Mama zao wako mbali, alisema, na mtoto haachwi mchafu kwa sababu mama yake yuko mbali.

Mtu wa jukwaani tulimwacha mwisho kwa sababu alikuwa amefunikwa na mti wa miiba. Juu ya jiwe lake zilichongwa sura mbili, moja inacheka, moja inalia. Nilimweleza Bibi kwa uhakika kwamba humo wamelala watu wawili, mmoja alikufa vizuri na mwingine vibaya. Baadaye niliposoma vizuri nikaona ni mmoja, na kazi yake ilikuwa kuchekesha.

"Kuchekesha nani?"

"Watu. Walikuwa wanakwenda kumwona wacheke."

Bibi alinyooka. Uso wake wote ulifunguka. "Mtani!" alisema. "Muda wote huu mtani yupo hapa!" Akashika kiuno mbele ya jiwe. "Wewe! Msiba uko mlangoni kwako na wewe umelala? Inuka umtukane mwanangu!"

Mchekeshaji hakuinuka. Bibi akanisukuma mbele nimsemee, kwa kuwa lugha yake naijua. Nilikuwa na mzaha mmoja tu kichwani, ule wa shuleni ambao mtu anabisha mlango na mwenzake anauliza nani. Nikaugeuza Kiswahili.

"Hodi, hodi!"

"Karibu," alisema Bibi.

"Hapana, Bibi. Useme, nani?"

"Mtu anapiga hodi nimuulize nani kabla sijamkaribisha? Kwani mimi polisi?"

"Ndivyo mzaha ulivyo."

"Basi ni mzaha wa watu wachoyo." Lakini nilipoanza tena akajitahidi kuuliza nani, nami nikatoa mwisho wa mzaha, ambao kwa Kiswahili haukuwa na maana yoyote duniani. Tukatazamana. Ile furaha ikamtoka usoni taratibu. Akaokota ndoo.

"Huyu ni mtani wa watu wengine," alisema. "Utani hauazimwi." Nilijua basi kwamba Baba ataondoka.

Jumapili yenyewe ilifika na manyunyu. Makaburi yalijaa watu kuliko nilivyowahi kuona: Waairishi na maua yao, Wapolandi na mishumaa ndani ya vikombe vyekundu, Wafilipino na vyakula vilivyofunikwa. Padri, kijana mwenye miwani iliyojaa matone, alikuwa anapita mstari kwa mstari na maji ya baraka. Bibi alikuwa amejifunga kanga juu ya koti. Alikuwa amenifundisha sentensi ya kumwambia padri, na nilikuwa nimeirudia kwa Kiingereza kwenye treni mpaka ikapoteza maana: bibi yangu anaomba kumrudisha mwanawe nyumbani.

Mama alitukuta hapo akitokea kazini moja kwa moja, sare ya kazi ikichungulia chini ya koti. Hakuwa amefika tangu Bibi aje, alikuwa amempisha. Alisimama nyuma yetu, akautazama msalaba, kisha macho yake yakaenda kwa majirani. Mstari wote ulikuwa unang'aa. Jenerali, mwimbaji, sista, mchoraji, hata mchekeshaji, weupe kama siku walipochongwa, na zaidi yao makaburi yote yalikuwa ya kijani.

"Nani kawaosha hawa?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Bibi. Kwa sababu mama zao hawako."

Mama alimtazama Bibi kwa muda, mgongo ule mdogo ulionyooka mbele ya msalaba wa mbao. Midomo ikaanza kumcheza. Kisha alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona mtu yeyote akilifanya kwa mkwewe. Alipiga hatua moja, akamnyang'anya Bibi kanga begani, akajifunga kichwani mshazari kama mlevi, akaangua yowe.

"Uuuwi! Waluguru! Njoni mmwone ndugu yenu!" Watu wa mistari yote wakageuka. "Wewe Kalisti! Nani kakwambia ulale tambarare? Kwenu mnalima mmejifunga kamba kiunoni msiporomoke na mihogo, leo umejinyoosha kama chapati, huna hata aibu? Umevaa viatu, kazini hukwenda! Umelala na viatu kwenye shuka langu jeupe! Mluguru mchoyo wewe, hata kufa umekufa kimyakimya Wanyamwezi tusije tukala pilau! Na huyu mwimbaji hapa pembeni, nakuona! Mimi niko shifti, wewe umejitafutia jirani wa Kiitaliano!"

Padri alisimama na maji yake mkononi. Mimi nilitaka ardhi inimeze niungane na Baba.

"Mjane hatanii," alisema Bibi. Ilikuwa sauti ndogo sana.

"Mjane nilimwacha kazini. Aliyekuja hapa ni Mnyamwezi," alisema Mama akihema. "Nitauvaa tena ujane wangu kesho. Leo nimekuja kumzika Mluguru mmoja mbishi, mfupi, anayekoroma."

Bibi aliziba mdomo kwa mkono. Nikaona macho yake yamejaa, na chini ya mkono ule mashavu yanapanda. "Nyamaza, mpagazi wewe!" alisema, na sauti ikapasuka katikati. "Babu zenu walibeba mizigo mpaka vichwa vikawa bapa! Wewe ndiye wa kumsema mwanangu mfupi?"

"Mfupi! Jeneza lake tulidhani la mtoto!"

"Mfupi, lakini alikuoa!"

"Alisimama kwenye kiti!"

Wakacheka. Walicheka wakishikana mikono juu ya kaburi la baba yangu, wakiinama, wakipumua kwa shida, na hakuna aliyeniambia nimwambie mtu kitu. Halafu Mama akapiga magoti kwenye majani yaliyolowa, akalia kilio ambacho sikukisikia siku ya mazishi. Bibi akashuka naye.

"Nilimzika kimya, Mama," Mama alisema. "Sikuweza kutania peke yangu."

"Najua, mwanangu. Najua. Sasa amezikwa."

Nililia na mimi, na sijui nilikuwa namlilia nani, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata mara nyingi tangu siku ile. Padri alikuja polepole mpaka tulipokuwa. Alikuwa ameambiwa kwamba kuna familia yenye ombi. Akainama, akaniuliza mimi kwa upole bibi yangu anataka kusema nini.

Sentensi yangu ilikuwa tayari mdomoni. Nikamtazama Bibi. Alikuwa ameketi chini kabisa, kichwa cha Mama kwenye mapaja yake, akiipapasa ile kanga iliyofungwa mshazari.

"Mwambie ammwagie maji," alisema. "Lakini si mengi. Mluguru akilowa tambarare hana pa kuchuruzikia."

Nikatafuta Kiingereza cha maneno hayo, nikakikosa. Nikamwambia padri kwamba Baba anabaki.